Kirusi Chenye Miguu Minane

Shule yetu ya kutwa, upande wa chini wa Sosiot, ilikuwa na hadubini moja. Moja. Nilihesabu tena siku ile ya kwanza nikidhani nyingine iko kabatini, lakini kabatini kulikuwa na chupa tupu na koti la mwalimu wa bayolojia. Wanafunzi arobaini na wawili, hadubini moja, na mwalimu aliyeishika kama mtu aliyeizaa.

Mwalimu huyo alikuwa ametangaza kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya mkuu wa shule, kwamba kidato cha tatu wataona bakteria, protista na virusi kwa macho yao wenyewe. Mkuu akapiga makofi. Sisi tukapiga makofi. Makofi ni bure.

Halafu akatuambia kile ambacho mkuu hakuambiwa. Kila mmoja atachora vitu vitatu, kila mchoro alama kumi. "Atakayepata chini ya nusu ataacha bayolojia. Ataenda kufanya somo la biashara." Akanitazama mimi.

Alikuwa na sababu zake. Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, nami Jumamosi nilikaa naye nikipima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na siku moja huyo mwalimu alikuja akataka kilo mbili kwa bei ya moja na nusu. Aliondoka na moja na nusu. Toka hapo jina langu darasani likawa Mama Omena.

Biashara naijua tangu tumboni, sikuhitaji kufundishwa na mtu asiyejua kununua samaki. Nilichotaka ni bayolojia. Mama aliwahi kulala na homa wiki nzima kwenye nyumba za laini, huko kwenye shamba la majani chai, akimeza vidonge vya kuua bakteria alivyouziwa na muuza duka. Mtu wa kwanza kufikiria kutazama damu yake alikuwa mama mmoja wa maabara kwenye zahanati. Aliinama kwenye hadubini, akatazama, akasema ni malaria, na malaria si bakteria, ni protista, tupeni hizo tembe. Mimi nikakitaka kile kiti chake. Na hicho kiti bila bayolojia hukikalii, hata ubembeleze namna gani.

Siku ya kuchora, bakteria waliletwa na jirani yangu wa dawati ndani ya chupa ya soda. Ilikuwa mursik ya kwao, maziwa ya kibuyu yenye rangi ya majivu, na ilifika nusu kwa sababu alikuwa ameionja njiani. Nikainama kwenye lenzi. Vijiti vidogo kupita udogo, na nukta. Nikachora vijiti na nukta.

Protista walitoka kwenye mtaro ulio kati ya chai na uwanja wa mpira. Hao walikuwa na adabu, walijionyesha. Kimoja kilikuwa na umbo la ndala, kikikimbia kama kinadaiwa. Nikakichora na vinyweleo vyake pembeni.

Meza ya tatu ilikuwa ya virusi. Mwalimu alikuwa ameng'oa jani la mhindi uliougua, lile lenye michirizi ya njano ambalo kila shamba la Bomet linalijua kwa machozi, akalikamua tone la kijani juu ya kioo. Nikainama. Nikaona maji ya kijani na povu moja la hewa. Nikafunga jicho moja, nikafungua. Nikabadilisha jicho. Maji, na povu.

Jirani yangu alikuwa anapaka kivuli kwenye mchoro wake. Kichwa cha pembe sita, shingo, miguu.

"Umeona wapi hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa kitabu."

"Kwa hadubini umeona nini?"

"Wee chora tu, mtu wa omena. Huoni watu wote wanachora?"

Kweli walikuwa wanachora. Meza nzima ya wataalamu, ndimi nje, wakinakili kirusi cha kitabuni. Na kile cha kitabuni, kama wangesoma maneno yaliyo chini yake, kinashambulia bakteria, hakina shida yoyote na mahindi. Wangefungua ukurasa wa pili wangekuta pia kwamba virusi ni vidogo mno, havionekani kwa hadubini ya mwanga kama yetu. Lakini kufungua ukurasa ni kazi.

Nikaacha nafasi ya tatu wazi na kuandika chini: Sikuona.

Mwalimu akaja. "Darasa zima limeona. Wewe macho yako yamejaa moshi?"

"Mwalimu, nionyeshe na mimi."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia mara mbili. Sokoni gunia linafunguliwa kwanza ndio mtu anunue. Nifungulie."

Akainama mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu, akizungusha kifundo cha lenzi mbele na nyuma. Alijua vizuri hakuna kitu. Hilo ndilo lililonichefua. Mjinga ningemsamehe.

"Iko," akasema akinyanyuka. "Ni vile imesonga kidogo."

"Jana ulituandikia ubaoni virusi havijisogezi. Imesonga na nini?"

"Bodaboda!" mtu akajibu kutoka nyuma, na maabara yote ikacheka.

Nikamfungulia ule ukurasa wa pili, nikaweka kidole kwenye mstari. Hakuusoma. "Hicho kitabu ni cha zamani," akasema. Kilikuwa kitabu chake.

Ijumaa karatasi zilirudi. Yangu: bakteria saba, protista nane, virusi sifuri. Jumla, kumi na nne. Chini yake, kwa wino mwekundu: Biashara.

Nikajumlisha. Nikajumlisha tena kuanzia chini. Nikaenda ofisini kwa walimu.

"Mwalimu, hii imepungua moja."

Akaichukua, midomo yake ikitembea: saba, nane. Walimu wawili wa meza ya jirani wakaacha chai yao kusikiliza.

"Kumi na tano," akasema.

"Na nusu ya thelathini ni kumi na tano. Ulisema chini ya nusu."

"Wewe msichana ungefaa sana biashara."

"Huko pia ningehesabu, Mwalimu."

Akakata kumi na nne, akakata na lile neno jekundu, bila kuniangalia.

Nilibaki. Mchoro wa jirani yangu ulipata kumi kwa kumi, ukabandikwa ukutani juu ya kabati, na maandishi: Kirusi, kama kilivyoonekana na kidato cha tatu. Mkuu aliupitia, akautazama, akapiga makofi tena. Mimi nilikaa chini yake mpaka nilipomaliza shule, na kila nilipochoka na mwalimu nilihesabu miguu ya kile kidude. Minane. Nikarudia. Minane. Cha kitabuni kilikuwa na sita. Hata kunakili walishindwa.