Simu Iliyojitambulisha kama Kompyuta

Jambo lote lilinigharimu safari mbili za Katesh, jogoo mmoja, na tiki moja ya binti yangu. Nimehesabu mara mbili.

Binti alitaka chuo cha uuguzi. Maombi yalipokelewa mtandaoni tu, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Nyumbani Hirbadaw tulifungua ukurasa wa chuo kwenye simu yangu. Ukaandika: "Tumia kompyuta." Alhamisi tukaenda Katesh, kwa mama mmoja mwenye steshenari. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani kuliko ndoa yangu. Ukurasa ukaandika: "Kivinjari chako kimepitwa na wakati." Tukarudi kama mbuzi aliyekosa mnunuzi. Ijumaa tukaenda tena, na jogoo wa kumlainisha yule mama, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango.

"Simu inakataliwa, kompyuta inakataliwa," nikamwambia. "Tumebanwa kama ng'ombe kwenye josho: mbele dawa, nyuma fimbo."

Akacheka. "Mzee wangu, ukurasa hauna macho. Haujui umeshika nini. Kivinjari, kile kinachokufungulia kurasa, ndicho kinachojitambulisha mlangoni: mimi ni wa simu, mimi ni wa kompyuta. Ukurasa wenyewe unaamini tu."

"Hauulizi hata ukoo?"

"Hauulizi."

Kwetu mgeni asiyetaja ukoo hapewi hata kigoda. Ila mnadani nami hujitambulisha nipendavyo: "Ng'ombe si wangu, ni wa shemeji, bei siwezi kushusha." Shemeji huyo sina.

Mama akagusa vidoti vya pembeni kwenye simu yangu, akachagua "toleo la kompyuta". Ukurasa ukafunguka wote, herufi ndogo kama ulezi. Binti akajaza kwa ncha ya ukucha. Saa tisa na nusu akafika chini kabisa: weka tiki, "Nathibitisha kuwa niliyoeleza ni kweli."

Kidole kikasimama. "Baba, hii si kompyuta."

"Hawajauliza habari za simu. Wameuliza habari zako."

"Wewe ungeweka?"

"Mimi nina shemeji hewa, utaniuliza? Weka, mwanangu. Kama ni dhambi, nitaiungama mimi."

Akaweka. Alipata nafasi, leo ni muuguzi. Lakini kila siku ya mnada hunipigia: "Shikamoo baba. Ile tiki yangu, umeshaiungama?"

Bado. Padri wetu ana simu ya vitufe. Nishaurini: nianzie wapi kumweleza?