Jina Kamili la Mdogo Wangu

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago, akimwulizia kitinda mimba wake aliyekwenda kuvua visiwani Kalangala, katikati ya ziwa. Simu yake haikupatikana, nikamfuata. Siku tatu nilipanda majabali na kupenya misitu, kila mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, nikiuliza kwa jina lake kamili, bila kueleza sababu. Ndivyo baba, askari polisi, alivyotulea. Wote walitikisa vichwa. Uzuri wa ziwa lile niliuchukia.

Nikiondoka, mwanamke aliyeanika dagaa akaniuliza namtakia nini.

“Mama yetu anakufa.”

Akaacha kazi. “Kumbe ni ndugu yako. Huku anayetaja jina kamili ni polisi. Jana alikimbilia kisiwa cha mbali, akikukwepa.”

Simu ikaita. Dada, kutoka wodini: mama anaomba asikie sauti ya mdogo wetu tu.