Kicheko cha Kipa

Kipa wa timu ya shule, hapa Plovdiv, Bulgaria, ana masharubu ya kuhesabika na kicheko kama mlio wa punda. Kila alasiri hukaa bustanini na wenzake akitafuna mbegu za alizeti, maganda yamemganda kidevuni, na mzaha haunogi mpaka yeye acheke. Jana mmoja wao, Yasen, alimminya mkono mpenzi wake Rumiana ili ampe simu yake aikague.

"Mkazie, ndugu! Au unamwogopa?" wenzao wakamchochea, wakimtazama kipa, wakingoja acheke. Kicheko kilishamfika kooni alipoona Rumiana anauma mdomo asilie.

"Mwachie bwana, unamuumiza," akasema, sauti ikimkwaruza kama jogoo anayejifunza kuwika. Yasen akawageukia wenzake wamtetee. Wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Akaachia mkono.