Mwisho wa Filamu za Mama Mdogo

Kwa nini Mama mdogo Rehema alizima televisheni kila wapenzi walipoanza kupatana? Kiangazi kile huko Mambrui sikuwa na jibu, nami nilikuwa mtoto wa kuuliza mpaka nafukuzwa jikoni. Baada ya alasiri, nyumba ikinukia iliki ya mahamri, tulikaa mkekani kutazama filamu za mapenzi za kuchekesha, ambazo kwa kweli zote zilikuwa moja: huyu nadhifu, yule ovyo, huyu wa mjini, yule wa shamba, wanagombana, wanapendana. Halafu mmoja ananyoa ndevu, anakimbia mvuani kuomba msamaha, na Mama mdogo anabonyeza kitufe. "Basi, imeisha hiyo. Nendeni mkatawadhe."

Salimu alizitazama filamu hizo akiwa mlangoni. Alikuwa muuza makaa kutoka Ganze, kijana mwenye kicheko cha kushtua kuku, na siku za filamu gunia lake lilichukua muda wa ajabu kuteremshwa.

"Bi Rehema, huyo bwana wako wa filamu hajui hata kuwasha jiko!"

"Wewe wajua kuwasha, hujui kunyamaza. Na viatu hivyo visivuke kizingiti."

"Vikivuka?"

"Utapiga deki."

Alipiga deki kweli, huku akiimba, na Mama mdogo, aliyetusahihisha hata namna ya kushika kikombe, akaficha meno kwa upindo wa leso. Mapenzi ni kikohozi. Mtaa mzima ulisikia.

Kisha Salimu akaja na wazee wake kuposa. Sikumtambua. Kanzu ya kuazima, macho chini. Mjomba, kaka yake Mama mdogo, alimuuliza kama ataacha makaa, kama atahamia Mambrui, kama ataacha kupiga makelele barabarani. Naam, naam, naam. Sisi watoto tulichungulia dirishani tukimwombea. Wiki iliyofuata makaa yaliletwa na mtu mwingine, nasi tukaamini wazee wetu wamemkataa kwa ajili ya vumbi la Ganze. Nililia, na mjomba nikamwekea kinyongo miaka mingi.

Sasa naishi Kilifi, nimesoma, na nimechoka. Wanaume ninaojuana nao kwenye simu hukubali kila kitu. Nikisema napenda vitabu, hata wao. Nikisema sina haraka ya watoto, hata wao. Juzi nilimjaribu mmoja nikamwambia naichukia bahari. Hata yeye, na kazaliwa Malindi. Nami si bora: natafuta mtu asiyefanana nami, lakini asinipinge kwa lolote.

Nilimpigia Mama mdogo kulalamika, nikasema laiti wazee wangemkubali Salimu, angalau mmoja wetu angekuwa na bahati. Akaniuliza: "Nani kakwambia walimkataa, mwanangu?"

Wazee waliafiki siku ileile, kabla kahawa haijapoa. Aliyesema hapana ni yeye, nyuma ya pazia, alikokaa mazungumzo yote akimsubiri Salimu acheke hata mara moja.