Shaba Iliyotufikisha Musumba

Sisi tuliokulia Kapata, mtaa wa wachimba shaba wa Kolwezi, enzi za king'ora cha kampuni hatukuhitaji saa. King'ora kikilia, baba zetu wanarudi kutoka kazini, nasi tunaacha kamba na mpira wa matambara, tunakimbilia bukari, ugali wetu, na samaki kabla kaka zetu hawajamaliza mchuzi. Ukiwaambia watoto wa leo kwamba tulikula sahani moja nyumba nzima, wanauliza kama kuna picha.

Nyumba zote za mstari wetu zilifanana, ila yetu ilijulikana kwa gari. Lilikuwa gari la Kifaransa, zee tangu siku Baba alipolinunua, nasi tulilipenda kama mtu wa nyumbani. Mwaka mmoja Kambo, mama yake Baba, akaanza kudhoofika. Alitaka jambo moja tu: arudishwe kwao Musumba, amwone mdogo wake, akae naye siku zilizobaki. Njia ni ndefu, fundi hakuna. Na gari lilikuwa limevunjika jauge, ule ufito wa kuchovya kwenye injini kuona mafuta ya kuilainisha yamebaki kiasi gani. Ulikatika pamoja na bomba lake.

"Tutoke tu," Kambo alimwambia Baba. "Mi niko nasikia mwili inachoka."

"Mama, motere haina kinywa ya kusema iko na njaa," Baba akajibu. "Ikikauka mafuta mu pori, tutalala pale wote. Ungoje kidogo."

Akapata bomba na ufito wa lori lililokufa. Bomba likawa jembamba, likicheza kwenye tundu la injini kama jino la mtoto. Fundi wa kwingine angelizungushia mpira. Baba, mtu wa Kapata, aliwaza shaba. Alikata kipande cha shaba, akakigonga kiwe pete ya kuziba ile nafasi. Kikapasuka. Akakata kingine, nacho kikapasuka. Kambo alikuwa ameketi karibu na mlango, anatazama, nami niliogopa kumwangalia usoni.

Ndipo Baba akaomba mbabula ya Mama, lile jiko la makaa. Alizika kipande kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, kisha akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Tulijua chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Baba akakitoa, akakikunja kwa vidole tu. Shaba ilikuwa chini ya miguu yetu tangu tulipozaliwa, na hatukujua inaweza kutii hivyo. Mwili ulinisisimka, na hadi leo unanisisimka nikikumbuka.

Pete iliingia tunduni kwa nyundo ndogo, ikakumbatia bomba. Kwa juu Baba alilifunga kwa ukanda wa bati chini ya bolti, lisitikisike njiani. Lakini alama za ufito wa lori zilikuwa za uongo kwa injini yetu. Akaukata mfupi, akamwaga mafuta yote, akarudisha kiasi cha chini kabisa, akachovya, akakwaruza alama kwa tupa. Akajaza mpaka kiasi kamili, akakwaruza nyingine. Akawasha gari. Tukainama wote: halikudondoka hata tone. Akazima, akangoja, akachovya tena, akampelekea Kambo ufito ukiwa bado unang'aa.

"Ona, Mama. Imeshiba."

Kambo aliugusa kwa kidole. "Basi tunatoka saa ngapi?"

Nami nilikuwemo safarini. Kila tulipopumzika Baba alichovya, na kila mara Kambo aliomba aone. Tulipofika Musumba, Kambo alishuka mwenyewe, akakataa mkono wa Baba. Mdogo wake alitoka mbio, mikono imejaa unga, wakakumbatiana. Kambo alizikwa huko huko, kama alivyotaka.

Leo Kolwezi imejaa magari yenye vioo vinavyosema kila kitu. Wanangu hawajui kifuniko cha injini kinafunguliwa wapi. Taa ikiwaka wanapiga simu. Mama yangu sasa ndiye mzee, na juzi aliomba apelekwe kwao Kisenge. Wakamwambia barabara ni mbaya, wakamtafutia dada yake kwenye simu, kwa video. Wazee wakaongea, wakacheka. Simu ilipokatika, Mama akairudisha, akauliza taratibu:

"Sasa mi nitashuka wapi?"

Uani magari ya wanangu yalikuwa yameegeshwa, yote mazima, mafuta yamejaa.