Maumivu Aliyoyaficha Nurul

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kali hapa Johannesburg, mimi na Nurul tulipofika ukumbini kabla mlinzi hajawasha taa zote. Wakati huo nilikuwa msichana, mwanangu, ingawa najua ukinitazama sasa unaona vigumu kuamini. Nilikuwa nakaa Berea na shangazi yangu, katika fleti ya kuchangia na wapangaji wengine. Jioni nilikuwa nakwenda ukumbi wa Troyeville kucheza mpira wa vinyoya. Kocha wetu alikuwa Mzee Badru, mtu wa Unguja, ambaye mchana aliuza vitambaa Marshalltown.

Nurul, msichana mwenzangu, alitoka Malaysia. Kwao mchezo huu wanaupenda kama sisi tunavyopenda soka. Alikuwa amechaguliwa kwenye kikosi cha vijana, upande wa wawili wawili, kisha baba yake akahamishiwa huku kikazi, naye akaja na wazazi wake. Makocha wa kwao walimwambia aendelee kucheza, watamfuatilia. Neno hilo alilala nalo na kuamka nalo.

Mzee Badru akatupanga pamoja. Mimi nilisimama mbele, karibu na wavu. Yeye alikaa nyuma, akiruka na kukishusha kinyoya kwa nguvu mpaka watu wa viti vya kando wanaguna. Aliniita Kak, yaani dada kwa lugha yao. Uwanjani hatukuwa na maneno mengi. Kwa mlio wa viatu vyake tu nilijua yuko wapi.

Basi ikaja habari kwamba kwao wanaita vijana kambini, na wanataka kuona video ya fainali yetu ya mashindano ya jiji. Ndiyo hiyo Jumamosi. Tulipoingia chumba cha kubadilishia nguo nikamwona anafunga bandeji kisiginoni.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Hapana, Kak. Viatu vinanibana tu."

Alisema huku anacheka. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini?

Tulicheza vizuri siku ile, mwanangu. Tulikuwa tunaongoza, watu wanapiga makofi, Nurul akaruka kama kawaida yake. Alipotua nikasikia mlio, kama kamba nene imekatika. Nikageuka. Alikuwa amekaa chini, anaangalia nyuma yake.

"Nani kanipiga?" akauliza.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Ule mshipa mkubwa wa kisigino ndio uliokatika. Mpaka leo swali lake lile linaniuma kuliko kilio alicholia baadaye.

Hospitalini daktari akasema mguu ule ulikuwa umeanza kuharibika zamani. Ndipo Nurul akakiri. Kwa wiki nyingi alikuwa akimeza dawa za maumivu kabla ya mazoezi, na nyumbani anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta mama yake asipokuwapo.

Mzee Badru aliketi kando ya kitanda, kofia yake mkononi. "Eish, mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, usingenichezesha."

"Nisingekuchezesha leo," mzee akasema. "Ningekuchezesha miaka."

Akatoka, nikamwona ameegemea ukuta wa korido, anafuta macho.

Kambi ilifunguliwa bila Nurul. Alifanyiwa upasuaji, akatembea kwa magongo, kisha akarudi kwao kujaribu tena. Mguu ulipona, lakini kuruka kule hakukurudi. Makocha walimvumilia kwa muda, halafu wakamshukuru na kumuaga. Alinipigia simu.

"Kak, nimegawa raketi zangu zote."

Nilisikia watoto wa jirani yake wakicheza uani, kinyoya kinapigwa huku na huku, wanabishana nani kakosa. Akaniambia nisubiri. Akainuka, akafunga dirisha. Aliporudi tukaongea habari za mama yake, na hali ya hewa. Siku zilivyokwenda simu zikapungua, mwisho zikakoma. Nilicheza na wenzangu wengine, wasichana wazuri, lakini sikumpata tena mtu wa kumjua kwa mlio wa viatu.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona ukivaa koti, bega la kulia ukilipitisha polepole, meno umeyauma. Nami najua mwezi ujao wewe na mwenzako wa uwanjani mna mashindano.

Mwambie, mwanangu. Mwambie leo, kabla hujamwambia hata daktari. Mnacheza wawili ili mmoja akiwa na udhaifu mwingine aufunike, naye hawezi kufunika asichokijua. Mwambie na kocha, hata kama atakuweka benchi na utalia. Kilio cha benchi kina mwisho.

Mungu akulindie mwili wako na akupe mwenza anayesikiliza. Na siku utakapouacha mchezo huu, akujalie uuache kwa hiari yako, ukiwa umeshiba.