Paja la Kulia la Baba

Baba yetu Vaelua, mkulima wa magimbi na mzee wa kanisa, alivaa kikoi hadi vifundoni hata akiwa shambani. Kaka yangu Seuli aliposema atachorwa tatuu ya wanaume, kuanzia kiunoni hadi magotini, Baba alifoka: "Huo ushetani! Ukiumia, usije kunililia mimi."

Hapa Samoa, asiyechorwa hachekwi. Anayechekwa ni aliyeanza akaachia njiani.

Siku ya tatu ya kuchorwa, mapaja yamemvimba, Seuli alimsukuma fundi wa tatuu. "Basi! Siwezi tena."

Mimi niliyekuwa nimemvuta ngozi ikaze ili fundi achore, nikamfokea, "Lala, wewe! Unataka tuchekwe na kijiji kizima?"

Ndipo Baba akaingia. Akapandisha kikoi mbele yetu sote. Paja la kushoto lilijaa michoro. La kulia lilikuwa tupu kama la mtoto mchanga.

"Miaka thelathini sijaoga bwawani na wenzangu," akasema. "Lala, mwanangu."

Seuli akalala, na siku ya kumi akamaliza. Alipoinuka tu, Baba akajinyoosha palepale mkekani.

"Fundi, usifunge vyombo," akasema. "Bado mimi."